Mnyama Anayekataa Amri

Kila ninapowasimulia watu kwamba Marekani kuna farasi wanaowaongoza vipofu njiani, jambo la kwanza ni kicheko, na la pili ni swali: kipofu atampandaje farasi peke yake, na akishapanda atajuaje aendako? Hampandi. Farasi mwenyewe ni kibete, kimo chake begani ni kama cha mbuzi, sentimita 60 na kitu. Hutembea ubavuni mwa mwenyewe, amevishwa matandiko yenye mkono mgumu wa kushikia, na yule asiyeona hushika mkono ule na kuhisi kwa kiganja chake kila mnyama anapopunguza mwendo, anapokwepa, anapogoma.

Nimelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mzee wa Tanga ambaye hajawahi kumiliki hata kwato moja ya farasi. Sababu ninayo, nami nitaieleza mbele. Swali linalonishughulisha si kama farasi anaweza kuongoza. Anaweza, imeshaonekana. Swali langu ni hili: nani anampima kabla hajakabidhiwa roho ya mtu, na anampima kwa kitu gani? Ili kulijibu sina budi kuanza na mbwa, kwa kuwa farasi amekuja juzi tu na amerithi kazi ya mwenzake.

Johann Wilhelm Klein, aliyeanzisha shule ya wasioona mjini Vienna mwaka 1804, aliandika katika kitabu chake cha 1819 namna ya kumfunza mbwa kumwongoza kipofu. Alishauri kitumike kijiti kigumu badala ya kamba. Ushauri huo unaonekana mdogo, lakini ndani yake mna kila kitu. Kamba hulegea, haisemi neno. Kijiti husema: mbwa akisimama, mkono wa mtu nao unasimama.

Shule yenyewe ilichelewa karibu miaka mia, ikaletwa na vita. Agosti 1916 daktari Gerhard Stalling alifungua mjini Oldenburg, Ujerumani, shule ya kwanza ya mbwa waongozaji kwa ajili ya askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Husimuliwa kwamba daktari alimwacha mbwa wake kidogo pamoja na mgonjwa asiyeona, na aliporudi akamkuta mbwa anamwangalia yule mgonjwa kana kwamba ameajiriwa. Mwaka 1923 ikafunguliwa shule nyingine kubwa Potsdam. Huko alifika mama mmoja wa Kimarekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akifuga na kufunza mbwa katika milima ya Uswisi, na aliyoyaona akayaandika katika jarida la The Saturday Evening Post la Novemba 5, 1927.

Kijana kipofu wa Nashville, Morris Frank, alisomewa makala ile na baba yake, akamwandikia mama yule barua. Mwaka 1928 alisafiri hadi Uswisi, akakabidhiwa mbwa aliyemwita Buddy. Aliporudi New York waandishi wa habari walimtaka avuke West Street mbele ya macho yao, barabara pana iliyofurika magari na malori. Akavuka. Kisha akampelekea Bi Eustis simu ya maandishi yenye neno moja tu, la kumjulisha kwamba wamefaulu. Januari 1929 wakaanzisha The Seeing Eye, shule ambayo ingali ikifanya kazi katika jimbo la New Jersey. Uingereza nayo ikapata mbwa wake wanne wa kwanza huko Wallasey mwaka 1931.

Naomba msomaji aitazame tena ile West Street. Hapakuwa na cheti, wala bodi, wala muhuri. Palikuwa na barabara, magari, na kipofu mwenyewe aliyeweka roho yake rehani. Kiwango cha mafunzo kilikuwa ni yeye kufika upande wa pili akiwa hai.

Mtihani wa namna hiyo ni wa kweli, ila una ubaya wake: anayefeli si mwalimu. Baada ya Vita Kuu ya Pili vipofu waliongezeka, na shule nazo zikazuka, nyingine za watu wasioijua kazi. Jimbo la California likaunda bodi yake ya serikali mwishoni mwa miaka ya 1940, na hakuna jimbo jingine la Marekani lililofanya hivyo. Sheria yake ilikuwa na sharti moja ambalo nilipolisoma nililifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda. Mwalimu aliyeomba leseni alitakiwa afungwe kitambaa machoni, aingie barabarani katikati ya magari, na aonyeshe kwamba mbwa aliyemfunza mwenyewe anaweza kumwongoza salama. Yaani aliyepika alitakiwa kula kwanza. Bodi hiyo ilikoma mwanzoni mwa mwaka 2018. Wakati huo shule za mbwa za nchi nyingi zilikuwa zimeshakuwa na shirikisho lao la kimataifa, lililoundwa mwaka 1989, lenye viwango vya pamoja na wakaguzi wanaozitembelea shule. Hesabu mwenyewe: kutoka Oldenburg hadi shirikisho hilo ni miaka 73.

Sasa farasi.

Mwaka 1999 mume na mke, Don na Janet Burleson, wakazi wa Kittrell katika jimbo la North Carolina, walianzisha Guide Horse Foundation. Bi Janet alikuwa mjuzi wa farasi, na nyumbani kwao walikuwa na farasi kibete waliyemwita Twinkie. Wazo lilianzia New York, mji uleule wa Morris Frank. Walikuwa wamepanda farasi wa kukodi katikati ya mji, na Bi Janet akaona jinsi farasi yule alivyokuwa akiyapima magari mwenyewe, akijua lini apite na lini angoje.

Hoja zao si za kubeza. Mbwa mwongozaji hufanya kazi miaka minane, kumi hivi, kisha huzeeka, na mwenyewe hulazimika kuanza upya na mwingine. Farasi kibete huweza kuishi miaka 30 na zaidi. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote pasipo kugeuka, na gizani huona vizuri kuliko sisi. Tena wako watu ambao manyoya ya mbwa huwaletea maradhi, na wako wanaomwogopa. Dan Shaw wa jimbo la Maine, aliyekuwa akipoteza nuru ya macho, alikuwa amekwisha kuonja msiba wa kufiwa na mbwa aliyempenda, hakutaka kuurudia kila baada ya miaka michache. Mwaka 2001 akakabidhiwa farasi jike aitwaye Cuddles, na huyo akawa farasi wa kwanza wa Marekani kufanya kazi hiyo. Picha zake zilienea kwa sababu alivishwa raba ndogo miguuni, asiteleze juu ya sakafu laini. Watu walicheka raba. Mimi naona raba zile ni fikira nzuri kabisa, kwani anayeteleza huteleza na aliyemshika.

Watu wa mbwa hawakukubali upesi, nao walikuwa na hoja yao. Mbwa kwa asili ni mwindaji, farasi kwa asili ni mwindwa. Kikimtisha kitu, akili yake yote inamwambia kimbia. Tena farasi si mnyama wa kulala chini ya meza siku nzima. Anataka uwanja, majani na hewa, na tumbo lake halina likizo. Kwa hiyo wana Burleson waliandika mpango wao wa mafunzo. Mnyama aanze kwa kufuata anapoongozwa. Ajue maneno ya amri. Ajifunze kukizunguka kitu kilichosimama, kama nguzo au pipa, akikumbuka kwamba ubavuni ana mtu mpana kuliko yeye. Kisha avizoee vitu vinavyokwenda, ambavyo ni vigumu zaidi. Asimame panapopanda au kushuka, kama ngazi na ukingo wa njia. Afundishwe kutochafua ndani na kutoa ishara anapotaka kutoka. Na mwisho afundishwe jambo ambalo watu wa mbwa walikuwa wakilifundisha zamani, nami nitaliita uasi wenye busara: akiambiwa nenda, naye anaona hatari, asiende.

Hapa ndipo nilipoahidi kueleza sababu yangu.

Mimi nilikuwa mwongozaji. Mwaka 1963, nikiwa na umri wa miaka tisa, nilikuwa macho ya babu yangu mzaa baba, hapa hapa Ngamiani. Alikuwa akijiita kipofu mwenyewe bila haya, ndiyo maana nami nalitumia neno hilo. Tulikuwa na fimbo, yeye ameshika ncha hii na mimi ile, kama ilivyokuwa desturi ya vipofu wote tuliowajua, kila mmoja na mtoto wake. Kwa kuwa kazi ilikuwa yangu, shuleni nilifika nimechelewa siku nyingi, na mwalimu alinielewa. Hakuna aliyenifundisha namna ya kuongoza. Nilifundishwa adabu tu: mkubwa akisema, mdogo afanye.

Jioni moja tulikuwa tukienda kusali magharibi. Adhana ilikuwa imeshatoka, na babu hakupenda kukosa rakaa ya kwanza. Tulipofika kwenye barabara alisimama akasikiliza. Hakusikia gari.

“Vuka,” akaniambia.

Niliiona baiskeli. Ilikuwa ikiteremka kwa kasi, imebeba magunia mawili ya mkaa, haina kengele, na mwenye baiskeli alikuwa akihangaika na breki. Niliiona vizuri kama ninavyoiona karatasi hii. Nikavuka. Mimi nilipita. Babu, aliyekuwa nyuma yangu urefu wa fimbo, hakupita.

Alivunjika nyonga. Aliishi miaka miwili mingine, lakini msikitini hakurudi tena kwa miguu yake. Mimi sikuchapwa, na ingekuwa nafuu kama ningechapwa. Siku moja, yapata mwezi baadaye, nikiwa nampelekea uji barazani, aliniuliza kwa sauti ya kawaida tu:

“Ile baiskeli uliiona?”

“Niliiona, babu.”

“Sasa mbona ulivuka?”

“Ulisema vuka.”

Hakujibu. Alikunywa uji wake. Mpaka leo sijui alimaliza kunilaumu palepale au alikuwa hajaanza.

Kwa hiyo msomaji ataelewa kwa nini, katika mambo yote niliyoyasoma juu ya wanyama hawa, ni lile la mwisho lililonishika. Kumfunza mnyama kutii si kazi kubwa, hata ng'ombe wa jembe hutii. Kazi ni kumfunza atii mara tisini na tisa, na ile ya mia akatae, huku mwenyewe akimsukuma na kumkaripia kwamba amechelewa. Njia za kulifikia hilo hutofautiana. Panda, farasi wa Bi Ann Edie wa jimbo la New York, hakufunzwa na wana Burleson bali na Alexandra Kurland, kwa kidude kidogo cha kubofya kinacholia kila mnyama anapofanya sawa, kisha akapewa kitu cha kutafuna. Kwa njia hiyo mnyama hubembelezwa akaipenda kazi, halazimishwi. Walimu wawili, njia mbili. Ni jambo jema, ila linatufikisha kwenye swali nililoanza nalo: nani kati yao alifungwa kitambaa machoni, mbele ya nani?

Kanuni za Wizara ya Sheria ya Marekani zilizotolewa mwaka 2010, na kuanza kutumika Machi 15, 2011, zilisema kwamba mnyama wa kumsaidia mtu mwenye ulemavu ni mbwa peke yake. Hata hivyo farasi kibete aliwekewa kifungu chake. Mahali pa watu wote pamtakiwe kumpokea, mradi amefunzwa kazi, na mradi mambo manne yaangaliwe: kama jengo linamtosha kwa aina yake, ukubwa na uzito wake, kama mwenyewe anaweza kumtuliza, kama amefunzwa kutochafua ndani, na kama kuwapo kwake hakuhatarishi usalama wa mahali hapo. Wizara ikaeleza kwamba farasi hawa kwa kawaida huwa na kimo cha sentimita 61 hadi 86 begani na uzito wa kilo 32 hadi 45.

Soma mambo hayo manne mara ya pili. Yote yanamlinda mwenye duka: sakafu yake, wateja wake, mlango wake. Mwenye duka haruhusiwi kudai cheti. Anaweza kuuliza tu kama mnyama anahitajika kwa ajili ya ulemavu na kama amefunzwa kazi gani. Sisemi kwamba wamekosea. Naelewa kwa nini hawakutaka kipofu asimamishwe kila mlango aonyeshe karatasi kama mshitakiwa, tena wengi wa wanaotumia wanyama hawa wamewafunza wenyewe kwa kukosa fedha, na sheria haikutaka kuwafungia nje. Lakini matokeo yake ni kwamba ipo sheria inayouliza kama farasi atachafua zulia, na haipo inayouliza kama atakataa kuvuka mbele ya baiskeli. Hilo ameachiwa mwenye kushika mkono wa matandiko, kama Morris Frank pale West Street.

Mlango mwingine umekwisha kufungwa. Tangu Januari 2021 kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinamtambua mbwa tu, na mashirika ya ndege hayalazimiki tena kumpokea farasi. Naona hii ndiyo gharama ya kukosa kipimo cha pamoja. Mbwa ana shirikisho lake, anaulizwa yeye ni wa shule gani, na jibu lina maana. Farasi hana ukoo. Waongozaji wa aina yake ni wachache mno hata wasiweze kuunda chama cha kuwatetea, na kila mmoja huhukumiwa kwa kosa la farasi asiyemjua.

Hata hivyo habari haikuishia Marekani. Mwaka 2018 magazeti ya Uingereza yaliandika juu ya Digby, farasi kibete aliyekuwa akifunzwa na Bi Katy Smith wa Northallerton, akipandishwa hata kwenye treni za mjini ili azoee makelele. Alikuwa akiandaliwa kwa ajili ya Mohammed Salim Patel, mwandishi wa habari wa BBC asiyeona, mkazi wa Blackburn. Yeye sababu yake ilikuwa kwamba mbwa anamwogopa. Sisi watu wa pwani tungemwongezea sababu ya pili hata asipoitaja, ya nyumba anamosali mtu na mate ya mbwa, ingawa wako Waislamu wanaoongozwa na mbwa na wako wanazuoni waliowaruhusu kwa dharura. Niliposoma habari za Digby nilizungumza na marafiki barazani, na mmoja wao akasema: kwa nini basi tusimfunze punda? Wakacheka. Mimi sikucheka sana. Punda anazijua njia, hana woga wa farasi, na kila mmoja wetu anajua kwamba anapoona jambo halimridhishi husimama, umpige usimpige. Sisi tumeuita huo ukaidi kwa karne nyingi.

Lakini farasi hatakuja Ngamiani, wala punda hataingizwa benki. Mitaro yetu iko wazi na bodaboda hupita popote. Mwongozaji wa kipofu katika mji huu ni yuleyule wa mwaka 1963, mtoto wa jirani au mjukuu, naye hajaandikiwa mpango wa mafunzo hata wa ukurasa mmoja.

Nasema haya kwa sababu zamu yangu imefika. Miaka minne iliyopita daktari aliniambia nina presha ya macho, na jicho la kushoto limeshaniaga. La kulia linasoma bado, kwa kuniegemea. Ninaye mjukuu wa kike wa miaka kumi na mmoja, mtoto mwenye adabu sana, na hiyo adabu ndiyo inayonitia hofu. Mwezi uliopita nilichukua kanga ya bibi yake, nikajifunga macho yote mawili, nikamwambia anitoe mlangoni hadi kwenye mwembe ulio nyuma ya nyumba. Nilimwamuru makusudi: twende, twende moja kwa moja, haraka. Hatua kumi tu, nikajigonga goti kwenye pipa la maji.

“Mbona hukunizuia?”

“Ulisema twende, babu.”

“Na pipa uliliona?”

“Nililiona.”

Nikakaa juu ya ukingo wa baraza, na kanga ingali machoni. Nikamwuliza, nikisema twende na wewe unaona pipa, utafanya nini? Akasema atasimama. Nikamwuliza, hata nikikasirika, hata nikikukemea mbele ya watu? Alinyamaza kidogo.

“Hutanisemea kwa mama?”

“Sitakusemea.”

Nikaikaza kanga, tukarudi mlangoni tukaanza tena.